Ukoo wa Uyole: mpiga besi bora ni nani?

*Jumatano jioni*

Lusajo: Shikamooni wakubwa wote. Mwalimu wa kwaya kanikabidhi gita la besi la kanisa, anasema kuanzia mwezi ujao napiga mimi. Kaniambia niwatafute wapiga besi bora niwasikilize kabla sijashika nyuzi. Nianze na nani?

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu, hongera. Hapo umewasha moto, leo hatulali.

Shangazi Kyela: Ndaga fijo Kyala, asante sana Mungu! Hongera mwana wa kaka.

Atu: Jaco Pastorius. Mjadala umefungwa.

Mjomba Iringa: Kamwene ukoo mzima. Atu, unafunga mjadala ambao wenzio hatujaingia? Huyo Jaco ndiye nani?

Atu: Mjomba!! Mmarekani aliyekulia Florida. Aling'oa freti zote, vile vyuma vya shingoni, kwenye gita lake la besi la Fender, mianya akaiziba, akapaka juu epoksi, ile gundi ngumu ya maboti, ili nyuzi zisile mbao. Basi kidole kinateleza tu, besi inalia kama mtu anaimba. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1976. Alifariki 1987 akiwa na miaka 35 tu, baada ya kupigwa nje ya klabu. Inaniuma mpaka leo na wala sikuwa nimezaliwa.

Baba Mdogo: Jaco simkatai hata kidogo. Ila mtoto anakwenda kupiga kwaya. Ukimwanzishia Jaco, Jumapili ya pili atatupigia solo katikati ya wimbo wa toba.

Tumaini: Baba mdogo umesema. Mimi ndiye ninayekaa kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, kanisani, nimewaona wengi. Kijana akijua noti sita anataka kuzipiga zote sita kabla mchungaji hajasema amina. Sauti ya tatu wanapotea, sopran wanapandisha, wote wanaangalia nyuma kwangu kama nimeharibu mimi.

Lusajo: Dada Tumaini mbona unanitisha 😅

Tumaini: Sikutishi mdogo wangu. Nakuandaa.

Baba Mdogo: Lusajo, andika jina hili: James Jamerson. Alizaliwa 1936 South Carolina, akahamia Detroit, akawa mpiga besi wa studio ya Motown, kampuni ya kurekodi muziki. Zile nyimbo za Supremes, za Four Tops, za Marvin Gaye, za Stevie Wonder akiwa kijana, nyingi mno besi yake ni ya mtu huyo mmoja. Na mkono wa kulia alikuwa anapiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada! Wenzake walikiita ndoano. Nyuzi zake habadilishi mpaka zikatike. Sasa sikiliza anavyotembea chini ya mwimbaji. Haimbi pamoja naye wala hashindani naye. Anamtangulia kidogo, anamngoja, halafu anamshika mkono wanaingia kiitikio pamoja.

Baba Mdogo: Na kuna jambo linaniudhi mpaka kesho. Miaka yote ile ya 60, dunia inacheza, jina lake halikuandikwa kwenye jalada. Ilibidi ifike 1971, albamu ya Marvin Gaye ya What's Going On, ndipo wanamuziki wa Motown wakaanza kutajwa. Mwaka 1983 Motown ikafanya sherehe kubwa ya miaka 25, inasimuliwa Jamerson alijinunulia tiketi akakaa huko nyuma na watazamaji. Miezi michache baadaye akafariki. Mwaka 2000 ndipo wakamwingiza kwenye jumba la heshima la rock and roll huko Marekani. Miaka 17 amelala kaburini!

Shangazi Kyela: Eeeh, jamani. Hata kadi ya mwaliko hakupewa?

Mjomba Iringa: Inauma. Lakini kabla hatujalia ya Detroit tulie ya kwetu. Lusajo, hapa Iringa kulikuwa na kiwanda cha kukata almasi, na kiwanda kikawa na bendi, Tancut Almasi. Miaka ya 80 hiyo. Watu walijaa kwa ajili ya Kasaloo Kyanga na pacha wake Kyanga Songa, waimbaji hao. Mimi nilikuwa nasimama upande wa spika ya besi. Ukisimama pale unaelewa kwa nini miguu ya watu wote inakwenda pamoja.

Mjomba Iringa: Nenda na bendi ya DDC Mlimani Park, Sikinde, iliyoundwa 1978. Ukitaja waimbaji wake, Bitchuka au Gurumo, ukumbi mzima unaitika. Taja Suleiman Mwanyiro uone kama kuna atakayegeuka. Ndiye aliyepiga besi pale! Sikiliza wimbo wa Sikinde unapotoka kwenye maneno na kuingia chemko, ile sehemu ya kucheza. Gita la solo linakimbia, la rizimu linazunguka, matarumbeta yanaitikiana, na besi? Besi inaacha pengo, inarudi, inaacha tena. Ukiitoa ile besi, hao wengine wote watagongana.

Baba Mdogo: Shemeji hapo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Walivyomfanyia Jamerson ndivyo tunavyowafanyia wetu.

Atu: Nimecheza wimbo wa Sikinde sasa hivi. Mjomba sisikii hiyo besi. Nasikia magita na tarumbeta tu.

Mjomba Iringa: Unasikiliza na nini?

Atu: Simu.

Tumaini: Atu ndugu yangu 😂 Uzi mnene wa besi ukiupiga wazi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Kispika cha simu ni kidogo kuliko kifuniko cha soda, hakiwezi kusukuma hewa kwa mtikisiko mzito namna hiyo. Kinachokufikia ni zile sauti za juu za noti hiyohiyo, na sikio lako ndilo linalokisia iliyobaki. Besi za zamani zilizorekodiwa kwa upole hata kukisia inakuwa shida. Kumhukumu mpiga besi kwa spika ya simu ni kumwonea. Nenda kwa Mama Lusajo, ana sabufa.

Mama Lusajo: Sabufa ipo, umeme ndio haupo tangu saa kumi. Na michango ya sendoff mbona imekwama? Watu wanaandika kurasa nzima za besi, kwenye mchango kimya.

Baba Mdogo: Natuma kesho shemeji.

Shangazi Kyela: Yangu nimeshatuma, angalia vizuri.

*Alhamisi*

Atu: Umeme ulirudi usiku, nimesikiliza kwa sabufa. Mjomba, nimesikia. Ile besi ya Sikinde haipigi kila mahali ninapotegemea ipige. Nilikuwa natikisa kichwa, mguu unakwenda upande mwingine. Nimerudia wimbo mmoja mpaka mama mkubwa akaniambia nitoke nje.

Mjomba Iringa: Sasa unaongea, mpwa.

Atu: Lakini sijamwacha Jaco. Richard Bona wa Kameruni, ambaye leo ni mmoja wa wakubwa duniani, alipoisikia sahani ya santuri ya Jaco kwa mara ya kwanza pale Douala alidhani imewekwa kasi isiyo yake. Alikuwa kijana wa gita la kawaida. Baada ya hapo akageukia besi moja kwa moja. Mtu anayewabadilisha watu njia kiasi hicho hawezi kukosekana kwenye tatu bora.

Baba Mdogo: Hoja nzuri hiyo. Na ukishafika Afrika usimsahau Bakithi Kumalo wa Soweto. Soweto ya Afrika Kusini, siyo hii yetu ya Mbeya. Ndiye wa Graceland, albamu ya Mmarekani Paul Simon, 1986, gita lisilo na freti. Kuna kipande kifupi cha besi kwenye You Can Call Me Al kila mpiga besi duniani anakihangaikia. Alipiga nusu yake tu, nusu ya pili ni tepu ileile imegeuzwa kinyumenyume. Lakini mimi namsifu kwa mengine, kwenye nyimbo za taratibu humo humo. Besi yake inazungumza Kisoweto mwanzo mwisho na Mmarekani ndiye anayemfuata.

Mama Lusajo: Mimi sijui majina hayo. Hakuna aliyefundishwa na mama yake?

Atu: Yupo mama mkubwa! Larry Graham. Alikuwa anapiga na mama yake kwenye vilabu huko California, mama kwenye piano na kuimba. Kinanda alichokuwa anapigia sauti za chini kwa miguu kiliharibika, akakodi gita la besi kwa muda. Halafu mpiga dramu akaondoka, wakabaki wawili. Basi akawa anagonga uzi mnene kwa kidole gumba badala ya dramu kubwa, na kuuvuta mwembamba utoe mlio mkali badala ya ile dramu ndogo. Hiyo leo ndiyo staili ya slapu inayopigwa dunia nzima.

Mama Lusajo: Basi kura yangu ni ya huyo. Kijana alibaki na mama yake, akajaza nafasi ya mtu aliyeondoka. Lusajo umesoma?

Lusajo: Nimesoma mama 🙏

Baba Mdogo: Wa kwangu wa pili ni Aston Barrett, Family Man, wa Wailers, bendi ya Bob Marley. Bob Marley tunamjua wote, redio za Mwanjelwa hazipoi. Sasa sikiliza chini yake. Barrett alikuwa kwenye besi na mdogo wake Carlton kwenye dramu, ndugu wa tumbo moja. Carlton anapiga pigo zito kwenye hesabu ya tatu, Aston anajua ataingia wapi na hasa atanyamaza wapi. Gita lake la kwanza alijitengenezea mwenyewe kwa plywood. Na Robbie Shakespeare, mpiga besi aliyekuja kuitikisa Jamaika akiwa na Sly Dunbar wa dramu, alifundishwa na huyuhuyu. Robbie alituacha 2021, mwalimu wake Februari 2024.

Tumaini: Kwa kwaya, huyo ndiye namba moja. Anayejua kunyamaza ananirahisishia kazi.

Shangazi Kyela: Mmemaliza mabara yote, sasa nisikilizeni mimi wa ziwani. Ng'ambo yetu huku, Malawi, upande wa Nkhata Bay, kuna Gasper Nali. Anapiga babatoni. Gita refu kuliko yeye, uzi MMOJA, chini kuna kasha la sauti. Anakaa nalo, mkono mmoja ana kijiti anapigia uzi, mkono mwingine ana chupa tupu ya bia anaitelezesha juu ya uzi kupata noti. Mguu unapiga ngoma ya ngozi ya ng'ombe. Na anaimba! Yote peke yake. Niliiona video yake, nikainuka jikoni ugali ukaungua.

Atu: Shangazi nimeitafuta. JAMANI. Uzi mmoja?? Inacheza kuliko bendi.

Mjomba Iringa: Hata mimi nimeinuka. Mke wangu kaja kuangalia kuna nini.

Baba Mdogo: Dada umeleta kitu. Hata Zambia kuna kalindula. Jina la muziki ule limetoka kwenye gita la besi la kienyeji. Nilipokuwa naendesha lori kupita Tunduma niliusikia kila kituo, besi iko mbele kabisa, magita mengine yanaifuata. Kwa watu wa kule hakuna wa kukuuliza besi ni ya nini.

Shangazi Kyela: Ndiyo maana nasema mtoto asiogope nyuzi nne. Mwenzake ana mmoja na chupa.

Lusajo: Nimesoma kila kitu. Naomba niseme nilichoamua, mnisahihishe. Wiki ya kwanza Family Man, nijifunze kunyamaza. Ya pili Mwanyiro na Sikinde, nijue pengo linarudiwaje. Ya tatu Jamerson. Jaco nitamsikiliza Atu akiwepo. Na Gasper Nali kila siku kabla ya mazoezi.

Atu: Nimeridhika kwa shingo upande. Jaco atakungoja.

Mjomba Iringa: Mimi nimeridhika moja kwa moja. Ukija Iringa Krismasi nina kanda za Sikinde, uje na kitu cha kuzihamishia.

Tumaini: Jumamosi saa tisa nafungua vyombo, uje mapema kabla ya waimbaji. Nitakuweka peke yako kwenye spika kubwa uisikie besi yako inavyojaza kanisa.

Baba Mdogo: Na kabla ya majina yote hayo, mkono wa kushoto. Noti ikiisha, legeza kidole bila kukiondoa kwenye uzi, izimike. Vidole vilivyobaki vilale juu ya nyuzi usizopiga zisivume zenyewe. Wengi wanaoharibu kwaya hawakosei noti, wanaziacha zivume zigongane na inayofuata. Piga noti moja, izime. Piga, izime. Fanya hivyo hata kabla hujaunganisha waya.

Lusajo: Naanza usiku huu baba mdogo.

Mama Lusajo: Sawa, lakini chumbani kwako. Na baba mdogo, leo ndiyo kesho uliyoisema jana.

Baba Mdogo: Natuma sasa hivi shemeji.