Mama Mkatoliki yuko njiani: makanisa gani ya kale Lisbon?

Mtoto wa Masasi: Habari za jioni wakuu. Mama anakuja kunitembelea Ureno, na Lisbon tutapata wikiendi moja tu. Ni WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wa kweli kweli, anataka makanisa ya kale, maduka hataki hata kuyasikia. Shida ni magoti, na mji ule ni vilima vitupu. Naombeni ushauri.

Nahodha: Mkuu, anzeni mtaa wa Belém, ni tambarare. Pandeni tramu namba 15 hadi Monasteri ya Jerónimos. Mfalme Manuel wa Kwanza aliijenga kwa ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki, ndiyo maana mawe yake yamechongwa kamba za meli. Kaburi la Vasco da Gama limo humo kanisani, karibu na mlango. Jumatatu hufungwa.

Bi Rehema: Jerónimos sawa, ila usimkoseshe mama kanisa la São Roque. Nje ni ukuta wa kawaida kabisa. Ndani kuna kikanisa cha Mt. Yohane Mbatizaji kilichojengwa Roma. Papa alisali misa humo, kisha kikafunguliwa vipande vipande na kuletwa kwa meli mwaka 1747. Picha zake utadhani zimepakwa rangi. Msogeze mama karibu: ni vijiwe vidogo vidogo vilivyopangwa.

Katekista: Mt. Antoni wa Padua alizaliwa Lisbon! Kanisa lake liko hatua chache tu kutoka Kanisa Kuu, na chini yake kuna pango panapotajwa kuwa ndipo alipozaliwa. Ngazi zipo, mshike mkono. Kanisa la Carmo, lililobaki bila paa tangu tetemeko la 1755, liacheni kama muda ni mfinyu.

Mngindo: Mimi naona mmesahau kubwa kuliko yote. Makumbusho ya sanaa za kale, mtaa wa Janelas Verdes, kuna monstransi ya Belém (chombo cha kuonyeshea Ekaristi) ya mwaka 1506. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka Ekaristi, wote dhahabu. Na dhahabu hiyo ni ya Kilwa! Vasco da Gama alikwenda na meli za kivita 1502 akamlazimisha mtawala wetu alipe kodi. Maandishi kwenye kitako chake yanaitaja Kilwa kwa jina. Mtu wa kusini asipite Lisbon bila kuyaona.

Mtoto wa Masasi: Mngindo, hilo sikulijua kabisa, na mama atataka kulisikia lote. Basi Jumamosi Belém na makumbusho, Jumapili Mt. Antoni. Bi Rehema, São Roque kuna misa ya asubuhi?