Mrejesho: yule fundi viatu aliyekuwa anajificha

Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza kama niache kushona viatu Kariakoo, maana nilikuwa nainamisha uso kila nikiona mtu niliyesoma naye chuo. Mmoja wenu akanikumbusha kuwa mtume Paulo alishona mahema kule Korintho, pamoja na Akila na mkewe Prisila. Habari hiyo ya Matendo 18 kwenye Biblia naijua tangu utotoni, ila sikuwahi kumfikiria mtume ana sugu vidoleni! Muuza kahawa jirani yangu, Mwislamu, akaongezea: Nabii Daudi naye alikula jasho la mikono yake.

Sijaacha. Sasa nasali kabla ya kushika sindano, na soli napitisha uzi mara mbili hata pasipoonekana. Jana mwenzangu wa chuo kaleta raba zake. Nimemtoza elfu tatu, bei ya kila mtu.