Usukani wa Benzi 240D mwepesi kupita kiasi, gari halitulii barabarani. Naomba ushauri wa gharama nafuu (Tanga)

Raskazone81
Wakuu, habari za majukumu. Nina Benzi 240D ya 1981, ile ya modeli W123, yenye pawa stering. Nipo Tanga mjini. Usukani ni mwepesi mno, siisikii barabara kabisa. Nikitoka Segera kuja Muheza, spidi ikifika 90 kazi yangu ni kurekebisha kushoto na kulia muda wote. Nikimaliza kona haurudi wenyewe vizuri. Reki ya stering haivuji na fundi anasema ni nzima. Bajeti yangu ni laki tatu. Nawezaje kuupa uzito kidogo na gari litulie? Nalala nalo kichwani.

FeniBelti
Mkuu, toa belti ya pampu ya stering. Uzito utaupata bure.

Spana19
Usitoe belti. Pampu isipofanya kazi, mikono yako ndiyo itakayosukuma mafuta ndani ya boksi la stering (lenye gia za kugeuza magurudumu), na gia zake zilipangwa kwa kutegemea msaada huo. Kuegesha Ngamiani utatoka jasho, na kwenye spidi ulegevu utabaki palepale kwa sababu hautoki kwenye pampu.

Pima kwanza. Magurudumu ya mbele yanyooke, injini iwashwe, uzungushe usukani taratibu mpaka tairi lianze kusogea. Plei (mzunguko wa bure kabla tairi halijasogea) kwenye ukingo wa usukani isizidi milimita 25. Halafu mtu mmoja akae ndani autikise usukani kidogo kushoto na kulia, wewe ulale chini uangalie kwa mpangilio huu: kaplingi (kiungo) ya chini ya shafti ya usukani (bushi zake za plastiki hulika), mkono wa boksi, rodi ya kati, mkono wa aidla (unaoshika rodi ya kati upande wa pili wa boksi), kisha tairodi mbili (rodi za kugeuza magurudumu). Boljointi, yaani viungo vya duara vya rodi hizo, ziko sita. Kwenye gari hili bushi ya aidla ndiyo inayosahaulika sana, na ndiyo nafuu kuliko vyote: ikilegea, rodi ya kati yote inapanda na kushuka kabla gurudumu halijageuka.

Tupe majibu matatu: tairi saizi gani na upepo kiasi gani, alaimenti (kupanga mielekeo ya magurudumu) ilifanywa lini, na kimo cha gari kimeguswa?

Raskazone81
Tairi ni 195/70 R14, upepo PSI 26 mbele. Alaimenti sikumbuki. Nyuma niliweka raba juu ya springi, imepanda kama sentimita 5, kwa sababu ya barabara ya Pangani. Lakini hiyo ni nyuma, haihusiani na stering.

MkweaMnazi
Inahusiana sana. Kinachourudisha usukani katikati na kukupa ule uzito mkononi ni kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele linageukia. W123 yenye pawa ilipewa kasta kubwa, kati ya digrii 8 na 9, makusudi ili dereva aisikie barabara juu ya msaada wa pampu. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2795. Ukiinua nyuma milimita 50, bodi nzima inainamia mbele digrii 1, na kasta inapungua digrii hiyohiyo. Umejipunguzia mwenyewe kile unachokitafuta.

Toa raba, jaza upepo PSI 30 mbele tairi zikiwa za baridi, kisha alaimenti. Too-in (magurudumu kukaribiana zaidi kwa mbele kuliko kwa nyuma) kama milimita 3. Kasta nayo ipimwe pande zote mbili; vituo vingi hapa mjini hupima too-in peke yake na kukurudishia ufunguo, kwa hiyo itaje kabla hujalipa. Na kabla ya alaimenti, kagua bushi za rodi zinazoshikilia mikono ya chini kwa mbele. Zikifa, kasta inabadilika kila unapokanyaga breki, na hakuna alaimenti itakayodumu.

Raskazone81
Raba sitoi, gari litagusa chini. Mimi nilitaka kujua kuhusu pampu tu. Hata hivyo nimeshanunua kolamu ya usukani ya umeme ya Toyota Vitz, laki moja na themanini, na fundi ameshaanza.

Spana19
Ameanza nini? Sema wazi.

Raskazone81
Alikata shafti ya usukani chini ya dashibodi ili apime. Vipimo havikukubali, akaiunganisha tena kwa kuchomelea mpaka apate kiunganishi. Ni fundi mzuri, kachomelea getini kwangu na halijawahi kuachia.

Mwinyi wa Amboni
Ndugu yangu, unapakia watoto na wazee humo. Laki tatu si kitu mbele ya roho za watu.

Kidau
Wakuu, hii naona ni chai. Kwanza W123 haina reki, ina boksi la stering. Pili, anasema kolamu ya Vitz imeshaanza kufungwa, huku analalamikia pampu ya mafuta. Tatu, hili la kukatwa shafti ndio limetokea leo baada ya kubanwa. Mwenye gari kweli aweke picha ya boksi na ya hiyo welidi, la sivyo tusipoteze muda.

FeniBelti
Hata mimi nimeanza kuwa na shaka. Picha, mkuu.

Raskazone81
Neno reki nimelitoa kwa fundi, mimi sijui tofauti. Kolamu ya Vitz iko stoo, haijafungwa. Picha mbili hizo hapo. Sikutaja shafti mwanzoni kwa sababu nilijua mtanishukia badala ya kujibu swali.

Kidau
Nimeziona. Boksi ni la W123 na welidi ipo kweli. Nafuta neno langu. Gari hilo lisitoke getini.

Spana19
Kwenye picha ya pili, vipande viwili vimegusanishwa ncha kwa ncha bila bomba la kuvishia. Geti halisokotwi. Shafti inasokotwa kushoto na kulia kila dakika, na chuma cha kando ya welidi kimeshabadilishwa na moto. Ufa huanzia hapo, na siku ya kuachia usukani utazunguka bure mkononi. Vilevile naiona imepinda kidogo. Shafti isiyonyooka huleta sehemu moja ngumu kwenye kila mzunguko, na usukani unakwama hapo badala ya kurudi. Jaribu gari likiwa kwenye jeki.

Ya Vitz iache. Kifaa chake hutegemea taarifa za spidi kutoka kwenye mfumo wa gari lake. Ukiifunga bila hizo, kwa kawaida hubaki na msaada wa kiwango kimoja, mwepesi ukiegesha na mwepesi vilevile kwenye 100. Ndilo tatizo ulilokuja nalo hapa. Iuze, hela irudi kwenye bajeti.

Tafuta shafti ya W123 ya mtumba, ya usukani wa kulia, isiyo na kutu kwenye meno. Wakati wa kuifunga, magurudumu yanyooke, na bolti ya kaplingi ipite kwenye mfereji wa shafti, si kubana juu ya meno peke yake. Bolti na nati ziwe mpya.

MkweaMnazi
Baada ya hapo, mafuta. Fungua kopo la pampu, chini ya springi kuna filta, ibadilishe. Chomoa paipu ya kurudishia, iingize kwenye chupa, inua mbele, mwenzako azungushe usukani mwisho hadi mwisho huku wewe ukimimina ATF (mafuta ya gia ya otomatiki) bila kuacha kopo likauke. Lita 2 zinatosha pamoja na kusuuza. Asiushikilie usukani mwisho wa kona zaidi ya sekunde chache, mafuta yanachemka na sili zinaungua.

Skrubu ya juu ya boksi, ya kupunguza ulegevu wa gia, ni ya mwisho kabisa. Usukani uwe katikati, kwa sababu hapo ndipo gia zimebanana zaidi. Ukiirekebisha ukiwa umekata kona, katikati itakwama. Legeza nati, kaza moja ya nane ya mzunguko, funga nati, jaribu. Usukani ukigoma kurudi, umezidisha.

Raskazone81
Gari nimeliegesha. Shafti nimeipata kwa mtu Korogwe. Raba za nyuma nimekubali zitoke, springi nitabadilisha baadaye. Nimepima plei: sentimita 4.

Spana19
Anza na bushi ya aidla na za kaplingi, kisha pima tena. Skrubu usiiguse mpaka uje na kipimo kipya.