Ofisi ya kata imefungwa, muhuri uko kwa mama lishe. Hii ni sawa?

Mama Karanga (mwanzisha mada)

Wanajamvi, habari za jioni. Mimi ni mkulima, mkoa wa Dodoma. Kata siitaji, maana mtendaji wetu bado namhitaji. Nina swali moja, ila mnivumilie nianze mbali kidogo.

Mwezi wa tatu nilipalilia karanga hadi saa nne, nikaoga, nikavaa kitenge changu cha kuendea ofisini, nikaenda kata. Nilikuwa nafuatilia maombi ya kikundi chetu. Tuko wanawake kumi na wawili, tunaomba ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo nne ni za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Nakuta mlango una kufuli jipya na karatasi imebandikwa kwa solotepu: OFISI HAITAPOKEA WANANCHI HADI ITAKAPOTANGAZWA TENA. HUDUMA ZIFUATWE WILAYANI AU KWA SIMU. Namba ya simu ipo, ila tarakimu za mwisho zimeoshwa na mvua.

Na ndani kuna mtu. Nilisikia redio. Nikapiga hodi mara tatu, redio ikapunguzwa sauti.

Wilayani ni mbali. Basi ni moja, linapita saa kumi na moja alfajiri, linarudi jioni. Nauli kwenda na kurudi ukijumlisha na chai, kuku mmoja kaondoka. Korongo likijaa basi halipiti, unalala huko, hapo kaondoka na jogoo.

Ila hilo la nauli nimeshalizoea. Kilichonifanya niandike ni hiki: wiki iliyofuata muhuri ukaonekana kwa mama lishe, karibu na mashine ya kusaga. Mtendaji anakaa pale na mkoba mweusi, ndani mna muhuri na pedi ya wino. Ukimkuta anakugongea, wala hakuombi kitu, nisimsingizie. Sasa wewe mtu mzima unamkuta mwenzio na chupa tupu mbele yake, utasemaje "naomba unigongee" halafu uondoke hivyo hivyo? Unaagiza soda. Jirani yangu alikwenda kutafuta karatasi ya kupeleka ng'ombe mnadani, akalipia wali na nyama.

Mama mkwe wangu ana miaka 81. Kuna mtu kasogeza mpaka wa shamba lake, kang'oa minyaa mistari miwili. Nikampeleka pale. Tumefika, aliyesogeza mpaka yuko meza ya pili anakula ugali. Bibi akaagiza chai, akainywa yote polepole, akaniambia twende nyumbani.

Swali: ofisi ya umma inaweza kufungwa namna hii? Na mtu wa kumuuliza ni nani?

Kijana wa Makole

Shikamoo mama. Mimi naona tusiwalaumu sana. Siku hizi mambo yote yako kwenye mfumo. Malipo ya serikali unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu, na hata hiyo mikopo inaombwa mtandaoni. Mtafute kijana mwenye simu janja akusaidie. Ofisi za kupanga foleni zimepitwa na wakati.

Mama Karanga

Marahaba mwanangu. Kijana tulimtafuta. Wa duka la vocha, alipanda nasi kwenye kilima cha mawe ambako mtandao unakamata, akatujazia kila kitu kwa shilingi 5,000. Mwisho kabisa mfumo ukatuambia tumsubiri afisa maendeleo ya jamii wa kata. Huyo afisa ndiye yuko nyuma ya kufuli.

Mtendaji Mstaafu

Dada Mama Karanga, nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka tisa na wa kata miaka kumi na moja, wilaya mbili za mkoa huu. Nitasema yanayoniuma na mimi pia.

Kwanza, huyo mtendaji wenu anaweza kuwa anakaimu kata mbili. Mimi nilikaimu. Asubuhi uko huku, mchana unatafutwa kule, pikipiki ni yako na mafuta ni yako. Rimu ya karatasi nilikuwa nanunua mwenyewe. Mtu wa namna hiyo akibandika tangazo, mara nyingi anajificha tu.

Na mlango niliwahi kuufunga mimi mwenyewe. Mwaka wa njaa, ilipotoka orodha ya mahindi ya bei nafuu, nusu ya kijiji walisimama dirishani. Nikafunga siku tatu. Nilipofungua, orodha ile ile, sikubadili hata jina moja, haikuaminika tena hata na waliokuwamo. Mpaka nahama pale kuna wazee walikuwa hawanisalimii.

Sasa tuje kwenye kazi. Karatasi ya ng'ombe ni ya mtendaji wa kijiji. Kama wa kata ndiye anayegonga, ulizeni kijiji chenu kina mtendaji au nacho kinakaimiwa, maana hapo tatizo ni kubwa kuliko kufuli.

Mpaka wa bibi usianzie kwa mama lishe kabisa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeweka baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, na watatu lazima wawe wanawake. Anzeni hapo. Likishindwa, nendeni baraza la kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata haliamui tena kesi ya ardhi, linasuluhisha tu, na lina siku 30. Bila karatasi yake ya kuonesha kwamba usuluhishi umeshindikana, au bila siku hizo 30 kupita pasipo suluhu, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri. Umeona sasa kufuli hilo linamfungia nini bibi? Mwenye kusogeza minyaa yeye hana haraka.

Kuhusu nani wa kuuliza: mkutano mkuu wa kijiji. Ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Mwambieni mwenyekiti auitishe, mtendaji wa kata na diwani waalikwe kwa barua. Usisimame ukasema habari za soda, utamfanya ajitetee na mkutano utaishia kwenye soda. Uliza siku gani na saa ngapi ofisi itakuwa wazi, halafu hakikisha jibu limeingia kwenye muhtasari. Akikataa, muhtasari huo unaambatanishwa na barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, nakala kwa Mkuu wa Wilaya na kwa diwani. Na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila huo muhuri hujapeleka barua, umetembea tu.

Babu wa Uwele

Nimesoma yote. Mwanangu, mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, ikaja Madaraka Mikoani, yaani mambo yakaendeshwa na watu wa serikali kuu walioko mkoani. Zikarudi 1984. Nilikuwa karani kijana wakati huo. Miaka yote ile lambo likibomoka tunasubiri mtu wa mkoani aje aliangalie, akija anatukuta tumeshahamia kisima kingine.

Ofisi ya kata yetu tuliijenga kwa nguvu zetu. Kila kaya madebe saba ya mchanga, wenye ng'ombe wakatoa tripu mbili za mawe kwa mkokoteni. Marehemu mke wangu alibeba maji ya kufyatulia tofali akiwa na mimba ya mtoto wa nne. Serikali ilileta bati na rangi. Kwa hiyo mimi mtu akiweka kufuli namuuliza kwa upole tu: na tofali ulileta wewe?

Kijana wa Makole

Babu shikamoo. Hapo sina neno.

Mama Karanga (baada ya wiki tano)

Narudi na mrejesho, maana kuna watu wananitumia ujumbe pembeni.

Mkutano tuliupata Jumamosi, chini ya mbuyu. Watu walijaa kuliko siku ya kampeni. Mtendaji alikuja, na kweli, Mstaafu ulilenga: anakaimu kata ya pili tangu Januari. Alisema mwenyewe, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. Kijiji chetu nacho hakina mtendaji tangu aliyekuwepo ahamishwe. Kuhusu redio alisema ni ya mlinzi. Watu walicheka, naye akacheka.

Nilipopewa nafasi nilisimama na kuuliza siku na saa, kama ulivyonifundisha. Jirani yangu wa ng'ombe akataka kuingiza habari ya wali, nikamvuta shati. Tumekubaliana Jumatatu na Alhamisi, saa tatu hadi saa nane. Imeandikwa, na mwenyekiti ametia sahihi mbele yetu.

Jumatatu ya kwanza alifungua saa nne na nusu. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ngazi tangu saa moja, na kisahani chake cha karanga za kuchemsha. Alisema hataki niingie naye. Mlango ukafungwa, wakakaa humo kama nusu saa hivi. Alipotoka sikumuuliza kitu, na yeye hakusema, ila njiani alianza kunieleza minyaa ile aliipanda mwaka gani na nani alimsaidia, jambo ambalo hajawahi kunisimulia. Wiki ijayo anaitwa kwenye baraza la kijiji. Wale wanawake watatu wapo.

Kikundi chetu bado. Afisa maendeleo yuko likizo ya uzazi, na anayemkaimu tumeambiwa anakaimu pia mahali pengine.

Na ile karatasi haijabanduliwa. Mtu amepita na kalamu akakata herufi mbili tu za mwanzo wa neno la pili, kwa hiyo sasa inasomeka: OFISI ITAPOKEA WANANCHI HADI ITAKAPOTANGAZWA TENA.