AC ya gari: tukikaa nyuzi 25 badala ya 18 tunapunguza gesijoto kweli, au tunajitesa bure?

Refa_wa_Usukani (mleta mada)

Habari za majukumu wakuu. Naomba ushauri, na mafundi mlioko humu msinicheke.

Kila asubuhi nabeba wenzangu watatu wa kazini. Tuliamua kupanda gari moja badala ya manne baada ya mmoja wetu, mtu wa mazingira kwelikweli, kutupigia hesabu ya moshi tunaomwaga. Sasa huyohuyo kaninunulia kipimajoto kidogo, kakining'iniza kwenye kioo cha kati, na kila kikisoma chini ya 25 ananyoosha mkono kuzungusha swichi kuelekea nyekundu. Anasema kila nyuzi tunayoshusha ni petroli inayoungua bure. Wa nyuma yangu anavuja jasho kabla ya saa mbili, anataka 18. Mimi niko katikati kama refa asiye na filimbi.

Gari ni la petroli, la siku nyingi. Swichi ya joto ni ya kuzungusha kwa mkono, bluu kwenda nyekundu, haina namba. Mchana kutwa linashinda juani.

Je, kukaa 25 kunasaidia kitu? Au tuzime AC kabisa tufungue vioo? Na la tatu: huu ni mwaka wa tatu mfululizo najaza gesi ya AC. Fundi wangu anasema "gesi huwa inaisha tu, kama mafuta". Natanguliza shukrani.

Mzee wa Spana

Mkuu, rafiki yako ana nia njema ila kwenye gari lako anakosea kitufe.

AC za swichi ya mkono kama hiyo, nyingi kompresa yake (pampu ya gesi inayozungushwa na injini) haijui kama mnataka 18 au 25. Inapoza hewa yote mpaka nyuzi chache juu ya sifuri. Mkizungusha kuelekea nyekundu, kuna kibao ndani ya dashibodi kinafunguka na kuipitisha sehemu ya hewa hiyo baridi kwenye hita, ichanganyike na ya moto. Yaani mmeshachoma mafuta kutengeneza ubaridi, halafu mnaupasha. Kipimajoto kinasoma 25, rafiki yako anafurahi, injini inabeba mzigo karibu uleule.

Magari mapya yenye AC ya kujiendesha na kompresa inayojipunguza nguvu ni habari nyingine. Huko ukiandika 24 au 25 badala ya 20, kompresa inalegea kweli na mafuta yanapungua.

Kwa gari lako, acha swichi upande wa bluu, kisha punguza spidi ya feni. Hewa kidogo ikipita kwenye evapoleta, yaani kile kipozeo kilichomo ndani ya dashibodi, joto la kuondoa ni dogo, na klachi inayoiunganisha kompresa na injini inaachia mapema. Utaisikia ile "tak" mbele ya gari ukiwa umesimama. Pia bonyeza kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojikunja ndani, ili upoze hewa iliyokwisha kupoa badala ya kuvuta ya moto kutoka nje. Mkiona pametosha, zimeni kitufe cha AC na kuacha feni peke yake, hasa dakika chache kabla ya kufika. Evapoleta bado ina baridi yake, na ikikauka vizuri hamtanusa ile harufu ya soksi.

DadaUsukani

Naongezea kwa Mzee: hicho kitufe cha mshale msikiache siku nzima. Mko wanne. Hewa mnayotoa puani inajikusanya humo humo, dereva anaanza kusinzia bila kujua kwa nini. Kila baada ya muda ruhusu hewa ya nje iingie kidogo.

Ila mimi naona vita yenu inaanza kabla ya kuwasha gari. Gari lililofungwa juani linaweza kupita joto la nje kwa nyuzi 20 hivi ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya joto hilo huingia nusu saa ya mwanzo. Dashibodi yenyewe inazidi hapo. Mimi kile chuma cha mkanda kimeshanichora alama ya mstatili pajani, nikaapa. Tangu siku hiyo sitoki garini bila kuweka kile kizuia jua cha kung'aa kwenye kioo cha mbele, na naacha vioo vya pembeni na upenyo wa kidole mahali palipo salama.

Jioni fungua milango yote, hesabu polepole hadi thelathini, kisha ondoka na vioo vikiwa wazi kwa dakika moja mbili. Joto linatoka bure, AC inakuta nusu ya kazi imeshafanywa. Usifanye kama jirani yangu anayewasha gari na AC, anarudi ndani kumalizia chai, anasema "linapoa". Linapoa ndiyo, lakini injini ikiunguruma imesimama na AC inaweza kula lita moja hadi mbili kwa saa, na hujasogea hata hatua.

Kuhusu vioo: kwenye foleni na mwendo mdogo, fungueni na zimeni AC. Mkishika barabara kuu fungeni, maana upepo unalivuta gari nyuma na unachookoa kwenye AC unakilipa kwenye injini.

Bado_Sijaamini

Viwanda vinatapika moshi usiku na mchana, nyie mnahesabu nyuzi za kwenye gari. Haya.

Kipimajoto

@Bado_Sijaamini, si jambo dogo hivyo. Maabara ya taifa ya nishati ya Marekani, NREL, miaka ya 2000 mwanzoni ilikadiria kuwa AC za magari nchini humo zinakula galoni bilioni 7 kwa mwaka, kiasi cha lita bilioni 26. Na kwenye joto kali, safari fupifupi, AC inaweza kukunyang'anya zaidi ya robo ya umbali unaopata kwa lita moja.

Mleta mada, mimi nimeshtushwa na swali lako la tatu, ambalo umeliweka mwisho kama mzaha. Gesi ya AC HAIISHI. Haiungui kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Magari huwa yanapoteza gramu chache kwa mwaka kupitia mipira na viungio, lakini gari linalodai kujazwa kila mwaka linavuja.

Fungua boneti, utaona stika yenye aina ya gesi na uzito wake. Gari la umri huo yaelekea ni R-134a. Kwa hesabu iliyotumika kwenye Marekebisho ya Kigali ya 2016, yale ya Itifaki ya Montreal (mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni), kilo moja ya R-134a hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa kwa miaka 100. Sasa petroli lita moja ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa. Nusu kilo ya gesi ikivuja ni sawa na kilo 715, yaani umechoma lita 310 za petroli bila kwenda popote. Nyuzi ngapi za rafiki yako zitafidia hiyo?

Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2006: aina mpya za magari kuanzia 2011, na magari mapya yote kuanzia 2017, yasitumie gesi inayozidi 150 kwenye kipimo hichohicho. Wengi wakahamia R-1234yf, ambayo iko chini mno. Usimruhusu mtu akuwekee hiyo kwenye gari la R-134a kienyeji. Inashika moto kidogo na viungio vyake vimetofautishwa makusudi.

Tafuta fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi, kuipima kwenye mizani na kuirudisha. Ukimwona analegeza nati ili gesi itoke "pyuuu" hewani, chukua ufunguo wako uondoke.

Betri_Kamili

Kwa wenye magari ya umeme: pozeni au pasheni gari likiwa bado kwenye chaja, hapo mnatumia umeme wa ukutani. Na kwenye baridi, kiti chenye joto kinakula wati makumi tu, wakati hita ya hewa inafika kilowati kadhaa. Wenzetu wa petroli hita yao ni joto la injini ambalo lingepotea tu, hivyo kuwasha hita hakuwaumizi. Jua ndilo linalowakamata.

Refa_wa_Usukani

Wakuu nimerudi. Nilibadilisha fundi. Stika inasema gramu 550. Mashine yake iliponyonya, mizani ikasoma 310. Miezi kumi na moja tangu nijaziwe! Gramu 240 zimekwenda. Nimepiga kwa hesabu ya Kipimajoto, inakuja kama lita 150 za petroli, na hii ni mara ya tatu.

Aliingiza rangi ya kuonyesha uvujaji, akamulika na tochi ya zambarau: bomba linapoingia kwenye kondensa (ile rejeta ya AC mbele ya gari) kulikuwa na doa la kijani linalowaka, kubwa kama kucha ya kidole gumba. Ni ringi ya mpira, ndogo kuliko pete, imekauka na kupasuka. Fundi wa kwanza alikuwa anajaza tu na kufunga boneti.

Swali dogo: kabla ya kubadilisha ringi huyu fundi mpya alinishauri niweke pia ile dawa ya kuziba matundu ya gesi, "kwa usalama". Nikubali?

Mzee wa Spana

Kataa. Ile dawa inaweza kugandia mahali isipotakiwa, na mafundi wengine wakigundua imo hawatafunga mashine zao kwenye gari lako. Ringi mpya, avute ombwe (anyonye hewa yote iliyomo kwenye mabomba) nusu saa, aangalie geji kama inashikilia, kisha arudishe 550 kamili, isizidi wala isipungue.

Refa_wa_Usukani

Geji imeshikilia. Leo asubuhi feni ilikuwa namba moja, swichi bluu, kipimajoto kikasoma 23. Wa nyuma hajalalamika. Wa mazingira amekaa kimya njia nzima, akipiga hesabu ya zile lita 150 kwenye simu yake.