Wanafunzi wangu wamepima peni. Sasa kampuni tuiandikie nini?

Chaki Nyeupe

Habari zenu wakuu. Nafundisha sayansi, wanafunzi wa miaka 13 na 14. Muhula huu niliwaambia wachague kitu wanachokitumia kila siku, wakipime, kisha wamwandikie mtengenezaji. Wakachagua peni: makundi sita, aina tatu za peni. Nikadhani kazi itakuwa nyepesi, kumbe!

Jana nimekusanya ripoti. Zote sita zinasema "Peni A ni nzuri kwa sababu inaandika vizuri." Kundi moja limeongeza kwamba peni C "ni mbaya sana na kampuni ijirekebishe." Mbaya vipi? Nilipowauliza wakabaki kutazamana.

Mliowahi kufanya hili, mnawatoaje watoto kwenye "nzuri" na "mbaya"? Na kampuni hujibu kweli, au ni kumpigia mbuzi gitaa?

Bibi Vipimo

Pole mwalimu, yalinikuta mwaka wangu wa kwanza. Kosa liko kwenye swali lako, watoto uwaache. Ukimuuliza mtoto peni ipi ni bora, atakutajia anayoipenda. Muulize ipi inaruka wino, yaani inaacha mapengo kwenye mstari, mara chache katika mistari 50, hapo hana pa kukimbilia, lazima ahesabu. Mimi neno "nzuri" nalipiga marufuku mpaka jedwali lijae.

Karatasi iwe ileile, rula ileile, na mistari yote ichorwe na mtu mmoja, maana kila mkono una uzito wake. Chukua peni tatu za kila aina. Ukiwa na moja tu na ikagoma, utajuaje kama haikuangushwa ikapiga ncha sakafuni?

Halafu ficha majina. Zungushia karatasi, andika herufi, na anayezifunga asiwe anayezigawa. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, peni ambayo darasa zima liliapa ndiyo mfalme ilishika mkia. Kelele zake msiulize. Mmoja alidai nimebadilisha wino. Nikamwambia arudie mwenyewe. Akarudia mara mbili, akanyamaza.

Kupenda nako msikutupe, ila kuwe na ukurasa wake: mshiko, uzito, kidole kuuma baada ya kurasa mbili. Nilikuwa na wanafunzi wawili wanaotumia mkono wa kushoto, na kila walipoandika kiganja kilipita juu ya wino mbichi. Tukapima: andika neno, hesabu sekunde, pitisha kidole, angalia kama wino umechafuka. Katika barua zetu zote, hiyo ndiyo pekee ambayo kampuni iliijibu kwa kutuuliza maswali.

Mpokea Malalamiko

Nimekaa huduma kwa wateja miaka minne, naongea kutoka upande wa pili. Barua ya "mjirekebishe" inajibiwa kwa barua ya asante iliyoandikwa kabla wewe hujanunua hiyo peni. Inayopanda ghorofani ni yenye jina kamili la bidhaa, namba ya bechi, mlichofanya, kilichotokea, na picha. Namba ya bechi ndiyo roho ya barua, kwa sababu kiwandani inawaonyesha siku na mashine. Bila hiyo tunabaki kubahatisha.

Tatizo moja kwa barua moja. Na msitishie, tafadhali. Msomaji wa kwanza ni mtu wa mapokezi kama nilivyokuwa mimi, peni hajaitengeneza yeye.

Tone la Iodini

Kuhusu mbuzi na gitaa: mwaka 2004, wanafunzi wawili wa miaka 14 wa Pakuranga College, Auckland, New Zealand, walipima vitamini C kwenye vinywaji kama kazi ya shule. Ribena ya kunywa moja kwa moja, kinywaji cha tunda la blackcurrant, ikaonekana karibu haina vitamini hiyo, huku matangazo yakisema tunda lake lina vitamini C mara nne ya chungwa. Kampuni haikuwapa jibu la maana. Suala likafika Commerce Commission, tume ya huko inayosimamia haki katika biashara, na mwaka 2007 GlaxoSmithKline, watengenezaji wa Ribena, ikakiri makosa 15 mahakamani, ikatozwa faini ya dola 217,500 za New Zealand.

Waonyeshe wanafunzi wako ujanja wa ile sentensi: ilisifu tunda, chupa ikaachwa ijisemee. Kabla ya kupima chochote, wasome lebo neno kwa neno.

Chaki Nyeupe

Asanteni sana. Leo tumerudia kwa majina yaliyofichwa. Peni C imeruka wino mara 19 katika mistari 50, A mara 4, B mara 6. Peni zote tatu za C zina tabia hiyohiyo, kwa hiyo si ya kuanguka. Ripoti moja sasa inasema "huruka zaidi mwanzoni mwa mstari", nikafurahi kama mtoto.

Ila namba ya bechi haiko kwenye peni. Iko kwenye boksi, na boksi tulilitupa wiki iliyopita. Kesho naanza na pipa la nyuma ya maabara.