Mapunye ya mtoto hayasikii krimu, nifanyeje?

MamaPacha_Arua: Wazazi wenzangu naomba msaada. Kijana wangu wa P.2 (darasa la pili) ametoka mabaka ya mviringo kichwani, nywele zimekatika zimebaki vidoti vyeusi na maganda meupe. Duka la dawa walinipa krimu, nimepaka weee, inapoa kidogo halafu inarudi, na sasa mdogo wake naye ameanza kujikuna. Shule inataka kipara na kinyozi ana mashine moja kwa watoto wote.

BabaK: Pole mama. Sugua kitunguu saumu halafu paka mafuta taa, sisi ndo tulivyokua.

nesi_jinja: Baba K hapana bwana, saumu inababua ngozi ya mtoto na mafuta taa ni sumu. Mama Pacha, huyo fangasi anaingia ndani ya unywele mpaka kwenye shina, krimu haifiki huko. Inatakiwa dawa ya kumeza, griseofulvin au terbinafine, na dozi inapimwa kwa kilo za mtoto kwa hiyo usikate vidonge vya mkubwa kwa kukisia, mpeleke kituo cha afya. Griseofulvin inaenda wiki 6 mpaka 8 na inashika vizuri akimeza na chakula chenye mafuta, mpe na maziwa au mchuzi wa karanga. Wengi wanaacha wakiona nywele zinaota, ndo inarudi tena. Halafu soma boksi la hiyo krimu, kama kuna betamethasone (dawa ya steroidi) ndani iache, inatuliza muwasho tu huku fangasi anatambaa.

Aunti_Z: Wa dada yangu kilivimba kama jipu, usaha unatoka, mtu akataka kupasua!!

nesi_jinja: Hiyo inaitwa kerion, haipasuliwi. Dawa ni hizo hizo za kumeza ila awahi, ikichelewa inaacha kovu na pale nywele haioti tena.

MamaPacha_Arua: Betamethasone ipo kweli jamani 😭 Shule aende? Na huyu mdogo je?

nesi_jinja: Aende, akishaanza dawa hamna sababu ya kumfungia nyumbani. Mdogo nenda naye apimwe siku hiyo hiyo. Wote waoshe kichwa na shampuu ya ketoconazole mara 2 kwa wiki, inapunguza kuambukizana. Kofia, kitana, taulo, kila mtu na chake. Na kama mna paka au mbwa mwenye mabaka yasiyo na manyoya mtazameni pia, maana kuna aina inatoka kwao.

BabaK: Mashine nunua yako mama, mkinyoana nyumbani hamna kesi.